Kuendesha Boti Ndogo ya Injini Ziwa Victoria: Mwongozo kwa Anayeanza

Anayejifunza kuendesha boti ya injini hapa Mwanza mara nyingi huwa na hamu ya jambo moja tu, nalo ni mwendo. Mwendo ndio sehemu rahisi kuliko zote, kwa kuwa maji yakiwa yametulia na mbele hakuna kitu, hata mtoto anaweza kuishika mashine na boti ikaenda. Ujuzi hasa huonekana pale boti inapotoka mwaloni, yaani mahali vyombo vinapofungwa ukingoni, inapotakiwa kusimama mahali palipokusudiwa, na inaporudi katikati ya mitumbwi iliyofungwa bila kumgonga mtu. Boti haina breki, wala haitulii mahali ulipoiacha, kwa sababu upepo na mawimbi huendelea kuisukuma hata baada ya injini kuzimwa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mwendo wa polepole.

Boti inayozungumziwa hapa ni ile ya wazi, ya mbao au ya faiba, yenye urefu wa mita 5 hadi 8 hivi, inayosukumwa na injini ya kufungwa nyuma yenye nguvu ya farasi 8 hadi 40. Ndiyo aina inayoonekana Kirumba, Igombe, Kayenze na katika visiwa vya Ukerewe. Ikiwa boti yako itabeba abiria au itatumika kwa biashara, isajiliwe na ikaguliwe na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, yaani TASAC, kabla hujaanza kazi. Kama ni ya uvuvi, fika pia kwa viongozi wa BMU, yaani kikundi cha kusimamia mwalo, cha mahali unapotumia, ambao watakueleza taratibu zao na, lililo muhimu zaidi kwa mgeni, watakuonyesha mawe yaliyojificha chini ya maji.

Kabla ya kusukuma boti majini

Anza na jaketi okozi. Kila aliyemo avae jaketi lenye kumtosha, alifunge, na akae nalo mwilini safari nzima. Jaketi lililokaliwa kama mto halina kazi, kwani chombo kidogo kikipinduka hakimpi mtu nafasi ya kulitafuta. Kujua kuogelea si sababu ya kuliacha: mtu aliyegongwa kichwa na ubao anapoanguka majini haogelei.

Kisha angalia chombo chenyewe. Katika boti ya mbao kagua mistari ya kalafati, yaani vizibo vya kuzuia maji kati ya mbao, hasa chini karibu na mkuku, ule mti mrefu wa chini unaobeba boti, na uone kama maji yaliyokusanyika chini ni mengi kuliko jana. Katika boti ya faiba hakikisha kizibo cha tundu la kutolea maji kimekazwa. Tikisa injini kwa mikono miwili na ukaze skurubu zinazoibana kwenye ubao wa tezi, yaani nyuma ya boti, kwa kuwa mtetemo huzilegeza. Mwenye busara huongeza pia kamba au mnyororo wa kuifunga injini kwenye boti, ili ikichomoka isizame moja kwa moja. Ndani ya boti kuwe na makasia mawili, nanga yenye kamba ndefu, kopo la kuchotea maji, kisu kikali, filimbi, tochi, plagi ya akiba pamoja na spana yake, na simu iliyofungwa katika mfuko usiopitisha maji.

Uzito ni jambo la kusimamia bila aibu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichoidhinishwa kubeba abiria 101, kilipinduka kikiwa karibu kabisa na gati ya Bwisya kisiwani Ukara, na zaidi ya watu 220 wakafariki. Kivuko si boti ndogo, lakini kanuni ya uzito ni ileile, na katika chombo kidogo huwa kali zaidi: shehena inapozidi, ukingo wa boti hukaribia maji, na wimbi ambalo lingepita chini huanza kuingia ndani. Mizigo mizito ikae chini na katikati. Watu wote wakikaa nyuma, omo, yaani mbele ya boti, huinuka hata usione mbele, na wakijazana mbele, omo huzamia katika wimbi. Waeleze abiria kabla ya kuondoka kwamba hakuna kusimama wala kuhama upande mmoja kwenda mwingine mpaka boti ifungwe, hasa nchi kavu inapoonekana, maana hapo ndipo kila mtu hutaka kuinuka achukue mzigo wake.

Mafuta

Injini nyingi za mwaloni ni za mipigo miwili, ambazo hutumia petroli iliyochanganywa na oili maalumu ya injini za boti. Kipimo cha kawaida ni sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya oili, yaani mililita 400 za oili kwa petroli lita 20. Injini mpya huhitaji oili zaidi katika saa zake za mwanzo, mara nyingi maradufu ya hapo, na kitabu cha mtengenezaji ndicho cha kufuatwa. Injini za mipigo minne zina chumba chake cha oili na hazichanganyiwi kitu. Kumimina mchanganyiko katika injini ya mipigo minne, au petroli tupu katika ile ya mipigo miwili, ni makosa ambayo mafundi wa Kirumba huyatumia kulipia ada za shule za watoto wao.

Petroli inayouzwa kwa madumu mara nyingi huwa na maji au mchanga chini. Ichuje unapoimimina, na uiache ile ya mwisho kabisa katika dumu. Jaza tangi likiwa nchi kavu, si ndani ya boti, kwa kuwa mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hushuka hadi chini ya boti na kukaa hapo ukisubiri cheche au sigara.

Kadiria mafuta kwa mafungu matatu: theluthi moja ya kwendea, theluthi ya kurudia, na theluthi ya akiba ambayo haiguswi ila kwa dharura. Injini ya farasi 15 ya mipigo miwili ikivutwa moto, yaani mkono wa kuongezea kasi, hadi mwisho hunywa takribani lita 7 kwa saa, lakini boti iliyojaa inayopambana na upepo huhitaji muda mrefu zaidi kwa umbali uleule. Kumbuka pia kwamba uso wa ziwa uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kidogo, hivyo injini hutoa nguvu pungufu kuliko ile iliyoandikwa kwenye kifuniko chake. Anayetoka pwani na kuiona mashine yake imekuwa nzito asikimbilie kufungua kabureta.

Kuwasha injini

Boti ikiwa imefungwa bado, shusha injini hadi propela na tundu la kuvutia maji vizame kabisa. Usiiwashe ikiwa nje ya maji hata kwa kujaribu, kwa sababu pampu yake ya maji ya kupozea ina kipande cha mpira kinachoungua upesi kikizunguka kikavu. Fungua skurubu ya hewa juu ya kifuniko cha tangi, unga mpira wa mafuta huku mshale ulio kwenye puto lake ukielekea kwenye injini, kisha minya puto mpaka liwe gumu mkononi. Weka gia nyutro. Funga kamba ya kuzimia injini kwenye mkono au mguu wako, kwani ndiyo itakayoizima mashine ukirushwa nje, nayo boti isije ikazunguka na kukurudia na propela yake. Wako wanaoifunga kamba hiyo kwenye injini yenyewe ili isiwasumbue. Hao wameitoa kazi yote iliyotengenezewa.

Injini ikiwa baridi vuta choki, weka moto kwenye alama ya kuwashia, na angalia nyuma yako kama hakuna mtu ambaye kiwiko chako kitampata. Vuta kamba taratibu mpaka uhisi imeshika, halafu vuta kwa nguvu mkupuo mmoja. Ikishawaka rudisha choki kidogokidogo, kisha tazama pembeni mwa injini: lazima kuwe na mchirizi wa maji unaotoka bila kukatika. Mchirizi usipoonekana baada ya sekunde chache, zima na utafute sababu, ambayo mara nyingi ni mchanga, majani au mfuko wa plastiki ulioziba tundu. Iache injini ipate joto kwa dakika mbili tatu kabla ya kuipa kazi.

Gia huingizwa moto ukiwa chini kabisa, kwa mkono ulio thabiti na kwa mara moja, maana kuiingiza kwa woga husaga meno yake. Kutoka mbele kwenda nyuma, pita nyutro na utulie kidogo.

Kuongoza na kusimama

Kaa upande wa kulia wa tezi, mkono wa kushoto ukishika mkono wa usukani. Ukiuvuta kulia, boti huelekea kushoto; ukiusukuma kushoto, boti huelekea kulia. Kichwa hulikubali hilo kwa dakika moja, lakini mkono hulikubali baada ya siku kadhaa, na kwa muda huo wote ukae mbali na watu.

Linalowapotosha wengi ni kwamba boti husukumwa kutoka nyuma, kama toroli, na kwa hiyo ukigeuza omo kwenda kulia, tezi hutupwa kushoto. Anayeondoka ubavuni mwa gati kwa kugeuza omo nje moja kwa moja huipigiza tezi yake kwenye gati, akashangaa kilichomgonga. Njia iliyo salama ni kuisukuma boti kwa mkono au kasia mpaka kuwe na nafasi, au kurudi nyuma kwanza huku tezi ikielekezwa nje, kisha ndipo uende mbele. Vilevile kumbuka kwamba propela isipozunguka huna usukani. Ukizima injini ukiwa na mwendo, boti itaendelea, lakini haitakusikia kama ilivyokusikia mwanzo.

Zoezi lifuatalo nalipendekeza kuliko mengine yote. Chukua dumu tupu la lita 20, lifunge kamba yenye jiwe zito, ulishushe katika maji ya kina kidogo kwenye ghuba iliyotulia, mbali na njia ya vivuko, na kabla ya kuondoka ulitoe lisiwe mtego kwa wengine. Likaribie dumu hilo ukielekea unakotoka upepo, punguza moto mapema, weka nyutro, na acha boti ijisukume yenyewe mpaka isimame ubavuni mwa dumu, pale unapoweza kuligusa kwa mkono bila kujinyoosha. Mara za kwanza utalipita, na mara zinazofuata utasimama kabla ya kulifikia. Endelea mpaka uweze kulifikia kutoka kila upande. Halafu fanya hivyo upepo ukiwa nyuma yako, ili uone mwenyewe jinsi ilivyo vigumu kuisimamisha boti inayosukumwa, na kwa nini wazoefu hugeuza chombo waukabili upepo hata kama gati liko karibu kwa upande ule mwingine. Ni mazoezi ya kuchosha na hayana mashabiki, lakini anayeyaweza hana kitu kikubwa alichobakiza kujifunza kuhusu kufunga chombo.

Ukiwa unaingia mwaloni kwa kweli, tayarisha kamba kabla ya kufika, mtu mmoja awe mbele na kamba ya omo, na amri zitoke kwako peke yako. Nahodha wengi chombo huenda mrama, na hakuna mahali usemi huo unapothibitika kama katika mita 20 za mwisho, kila abiria akielekeza kwa kidole. Asiweko mtu anayezuia boti kwa mguu au mkono kati ya chombo na gati. Kwenye ufuko wa mchanga, zima injini na uiinue kabla propela haijagusa chini, kisha malizia kwa kasia au pondo. Mawimbi yakiwa yanapiga ufukoni, ingia ukiwa umeyapa tezi sawasawa, kwa kuwa boti iliyolala ubavu kwenye wimbi la ufukoni hupinduliwa katika maji yanayofika magotini.

Kukutana na vyombo vingine

Kanuni za kimataifa za mwaka 1972 za kuzuia migongano ya vyombo zina mambo manne ambayo anayeanza lazima ayajue. Mkikutana uso kwa uso, kila mmoja aende kulia. Njia zenu zikikatana, aliye upande wako wa kulia ndiye mwenye njia, na wewe upunguze mwendo au upite nyuma yake. Anayempita mwenzake ndiye mwenye wajibu wa kumwepuka. Na boti ya injini huwapisha wenye tanga na walio katika shughuli ya kuvua. Kwa ziwani ongeza la tano: usikatize mbele ya kivuko, iwe cha Kamanga au cha kwenda Nansio, kwani hakiwezi kusimama kwa ajili yako hata nahodha wake akitaka. Unapopita karibu na mitumbwi ya makasia punguza moto mapema, maana wimbi lako huwafikia ukiwa umeshaondoka.

Nyavu huonekana kwa maboya au madumu yaliyopangwa mstari. Zunguka mwisho wa mstari, usipite juu yake. Magugu maji nayo huhama na upepo, na ghuba uliyoiacha wazi asubuhi unaweza kuikuta imefungwa jioni. Ukilazimika kupita katika kipande chembamba, nenda polepole, na ukitoka weka nyutro, zima, inua injini na usafishe propela na tundu la maji. Matete na mafunjo ya ukingoni uyaache kwa viboko na mamba. Mawe ya Mwanza, ambayo wageni huyapiga picha Bismarck na Capri Point, yana ndugu zao chini ya maji, na kina cha ziwa hupanda na kushuka mwaka hadi mwaka, hivyo jiwe lililokuwa salama kupita juu yake msimu uliopita huenda sasa liko sentimita chache tu chini ya uso.

Safari za usiku ziahirishe mpaka uwe mzoefu. Wakati wa giza la mwezi wavuvi wa dagaa huwa wametapakaa na taa zao, kati ya taa na taa kuna nyavu, na kuna mitumbwi isiyo na taa yoyote. Ikibidi kuchelewa, washa taa nyeupe inayoonekana pande zote.

Hali ya hewa

Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kabla ya kuondoka, kisha tazama anga mwenyewe. Kwa siku nyingi asubuhi maji hutulia, na kadiri jua linavyopanda upepo wa ziwani huanza kuvuma kuelekea nchi kavu, ukaongezeka mchana. Usiku upepo hugeuka ukatoka nchi kavu, hukutana na ule wa pande nyingine katikati ya ziwa, na ndiyo maana ngurumo nyingi za ziwani huanza usiku na kuendelea hadi alfajiri. Anayeanza hufanya vyema kuondoka jua likiwa limeshachomoza na anga limeshaonekana vizuri, na kurudi kabla ya mchana kukomaa.

Ziwa hili lina eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi lakini kina chake cha wastani ni mita 40 tu, na kwa sababu hiyo mawimbi yake huinuka upesi, mafupi na yenye kufuatana kwa karibu. Ukiona wingu jeusi lililoshuka chini, upepo ukakata ghafla, kisha ukahisi ubaridi usoni, usisubiri tone la kwanza: elekea nchi kavu iliyo karibu, hata kama siyo uliyokusudia. Dhoruba ikikukuta njiani, punguza mwendo, wakalishe watu chini sakafuni katikati ya boti, na yakabili mawimbi kwa pembe ya omo badala ya uso mzima au ubavu. Mmoja awe anatoa maji muda wote.

Mambo yakiharibika

Injini ikizimika, shusha nanga kwanza kama kuna mawe au ufuko karibu, na ndipo utafute sababu. Nanga ifungwe omo, isifungwe tezi, kwa kuwa tezi ina uzito wa injini na wimbi huiingia kirahisi. Kamba yake iwe na urefu wa angalau mara tano ya kina. Angalia kwa mpangilio huu: kamba ya kuzimia haijachomoka, skurubu ya hewa ya tangi imefunguliwa, mafuta yapo, puto ni gumu, mpira haujapinda, na mwisho plagi. Mara nyingi tatizo ni hiyo skurubu ya hewa. Kama ni wavu uliosokota propela, zima kabisa, chomoa kamba ya kuzimia, inua injini, ukate kwa kisu.

Mtu akianguka majini, geuza boti kuelekea upande alioangukia, ili tezi na propela vimkimbie. Mtu mmoja amnyooshee kidole bila kumwondolea macho. Mrudie ukielekea unakotoka upepo, kama ulivyolirudia dumu lako, na zima injini kabla ya kumvuta ndani. Boti yenyewe ikipinduka, shikeni boti. Ya mbao huelea hata ikijaa maji, huonekana kwa mbali kuliko kichwa cha mtu, na nchi kavu daima huwa mbali kuliko inavyoonekana. Namba ya dharura ni 112, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa 114. Kabla ya yote mwambie mtu aliyebaki mwaloni unakwenda wapi na unarudi saa ngapi, kwa kuwa mara nyingi wanaotangulia kukutafuta ni wavuvi wenzako.

Baada ya kurudi

Maji ya ziwa hayana chumvi, kwa hiyo injini haihitaji kusafishwa ndani kila siku kama ya baharini, lakini ondoa mchanga na majani kwenye tundu la maji. Chomoa mpira wa mafuta uiache injini iunguze kilichobaki katika kabureta mpaka izimike yenyewe. Oili ya gia ibadilishwe kila baada ya saa 100 za kazi, na ikitoka nyeupe yenye rangi ya maziwa, ujue maji yameingia na sili zinahitaji fundi. Fungua injini uipeleke mahali penye kufuli, kwani wizi wa mashine ni tatizo la mialo yote ya ziwa hili. Kisha andika katika daftari saa ulizoendesha na lita ulizotumia, pamoja na idadi ya watu na hali ya upepo. Baada ya mwezi mmoja utakuwa na hesabu ya boti yako mwenyewe, iliyo sahihi kuliko kadirio lolote la kitabuni.